Jinsi EVPN Inavyoipitisha Trafiki Kando ya Ruta Iliyokufa

Mtandao pepe binafsi wa Etheneti, ambao mafundi huuita EVPN, uliwekewa kiwango rasmi Februari 2015 kupitia waraka RFC 7432. Kazi yake ni kuziunganisha seva na ofisi zilizotawanyika zionane kana kwamba zote zimechomekwa kwenye swichi moja, ingawa katikati yake zipo ruta nyingi zinazosafirisha data kwa MPLS au, katika vituo vingi vya data, kwa VXLAN. Kazi hiyo si mpya. Teknolojia iliyotangulia, VPLS, iliyopata viwango vyake viwili mwaka 2007, iliifanya pia, ila kila ruta ilijifunza anwani za MAC kwa kutazama fremu zinazopita, na kiungo kilipokatika ilibidi anwani hizo zifutwe na kujifunzwa upya kwa kumwaga fremu kila upande. EVPN ilihamishia ujifunzaji huo kwenye itifaki ya BGP: ruta inayoona anwani ya MAC mlangoni mwake huitangazia ruta nyingine, kama zinavyotangaziana njia za IP. Karibu kila mbinu ya kukikwepa kifaa kilichokufa inatokana na uamuzi huo mmoja.

Ili pawe na pa kukwepea, mteja lazima awe na milango miwili. Mfano mdogo unatosha. Swichi ya mteja ina kebo mbili, moja inaingia ruta A na nyingine ruta B, na kwa itifaki ya LACP kebo hizo zimefungwa pamoja zikawa kiungo kimoja. Swichi yenyewe haijui kwamba inaongea na ruta mbili. A na B hujitambulisha kwake kwa namba moja ya mfumo. Mbali huko, upande wa pili wa mtandao, kuna ruta C yenye wateja wake. Kiungo hicho cha pamoja, kinachoitwa segimenti, hupewa utambulisho wa baiti 10, na A na B zote mbili huutangaza: tangazo la aina ya 1 linasema "nimeunganishwa na segimenti hii", la aina ya 2 linataja anwani ya MAC moja moja pamoja na segimenti inakopatikana, na la aina ya 4 linaziwezesha A na B kutambuana.

Hapo ndipo siri ya kasi ilipo. Ikiwa A peke yake ndiyo iliyoona anwani fulani, kwa sababu swichi ya mteja imekuwa ikituma mtiririko huo kwa kebo ya A tu, C bado inajua kwamba anwani ile iko kwenye segimenti ambayo B nayo imejitangaza kuwa nayo. Kwa hiyo C inaweza kuzigawa pakiti kati ya A na B hata kabla B haijatamka neno lolote kuhusu anwani hiyo. Njia ya pili haitafutwi siku ya ajali. Imeshaandikwa kwenye jedwali, na nusu ya trafiki pengine inaipita tayari. Kinachobaki ni C kuambiwa mapema kiasi gani kwamba njia ya kwanza haifai tena.

Ajali nyepesi kuliko zote ni kukatika kwa kebo kati ya swichi na A. Swichi huona mwanga umepotea kwenye faiba, huiondoa kebo hiyo kwenye fungu, na trafiki yote inayotoka kwa mteja hupita B. Upande wa kurudi ndio wenye kazi. Tuseme segimenti ile ina anwani 10,000. Ujumbe wa kawaida wa BGP hauzidi baiti 4096, na kufuta anwani moja huchukua baiti zaidi ya 30, hivyo ujumbe mmoja hubeba anwani mia na ushee tu. Kufuta zote kungehitaji karibu ujumbe mia, na kila unaoufikia C ungeilazimu kubadilisha jedwali lake mstari kwa mstari huku pakiti zikiendelea kupotea. Waandishi wa RFC 7432 walilikata tatizo hilo kwa kuitaka A iondoe kwanza tangazo lake la aina ya 1 kwa segimenti nzima. Tangazo hilo moja, au machache pale huduma zinapokuwa nyingi sana, linatosha kuijulisha C kwamba A haiifikii tena segimenti ile, na anwani zote 10,000 huelekezwa B kwa pigo moja. Ufutaji wa anwani moja moja hufuata nyuma kwa mwendo wake, bila mtu kuusubiri.

Pigo hilo moja lina sharti ambalo waraka hauwezi kulitimizia mnunuzi. Jedwali la vifaa ndani ya C lazima lipangwe kwa ngazi mbili: anwani za MAC zielekeze kwenye segimenti, na segimenti ndiyo ielekeze kwenye orodha ya ruta. Mahali ambapo kila anwani imeandikiwa moja kwa moja ruta inayokwenda, tangazo moja likifika bado chipu italazimika kuandika mistari 10,000. Ruta mbili zinazotangazwa kuwa zote zinakubali EVPN zinaweza kutofautiana sana hapa, na karatasi za mauzo ni nadra kulitaja.

Kuna na mtego mwingine. A ikishamaliza kufuta anwani zake moja moja, zile ambazo B haijawahi kuziona zitatoweka kwenye jedwali la C, na C itarudi kumwaga fremu kila upande kama enzi za VPLS. Dawa yake ni kuifanya B ishike anwani zote zilizotangazwa na A kwa segimenti wanayochangia, izitangaze kwa niaba, na izihifadhi kwa muda baada ya A kuondoka hadi mteja atume kitu na kuthibitisha kwamba bado yupo. Baadhi ya programu za ruta hufanya hivyo zenyewe, nyingine hazifanyi. Mtandao wa majaribio wenye seva zinazoongea bila kupumzika hauonyeshi tofauti hiyo. Printa au kamera iliyokaa kimya huionyesha mara moja.

Mambo ni magumu zaidi kidogo pale mteja anapotaka ruta moja tu ifanye kazi na nyingine ingoje. Tangazo la aina ya 1 hubeba alama ya kueleza hivyo, na C huiheshimu kwa kutuma kila kitu kwa A. Ikiwa msaidizi ni mmoja, kuondoka kwa A kunatosha: C inahamia B. Wasaidizi wakiwa wawili au zaidi, C haina namna ya kujua ni yupi atakayeshika zamu, na waraka unaitaka imwage fremu hadi mambo yatulie.

Ruta A yenyewe ikifa, iwe kwa umeme au kwa programu kuanguka, hakuna wa kutuma tangazo la kuondoa chochote. Mazungumzo ya BGP yana saa yake ya kungoja, na thamani inayopendekezwa katika RFC 4271 ni sekunde 90. Isitoshe, mara nyingi A na C haziongei ana kwa ana bali kupitia ruta ya kati inayorudufisha matangazo, hivyo C hutegemea ruta hiyo igundue kifo kwanza. Sekunde 90 za simu iliyokatika ni nyingi mno. Kwa sababu hiyo kazi ya kugundua haikuachiwa BGP. Majirani wa A waliounganishwa nayo kwa faiba huona mwanga umezimika, na itifaki ya njia za ndani, kama OSPF au IS-IS, husambaza habari kwamba anwani ya A haifikiki. C inayofuatilia anwani hiyo hubatilisha mara moja kila njia inayopitia A, bila kusubiri BGP iseme. Mahali ambapo kati ya majirani kuna swichi inayoficha kukatika kwa mwanga, itifaki ya BFD huziba pengo: vipakiti vidogo, kwa mfano kila milisekunde 50, na vitatu vikikosekana mfululizo jirani huhesabiwa amekufa ndani ya milisekunde 150.

Mpango huu mzuri huharibiwa na kosa dogo la usanidi. Kama C ina njia ya jumla inayoifunika anwani ya A, kwa mfano njia ya chaguo-msingi, basi anwani ya A ikitoweka C bado itaona kuna njia ya kuifikia, na itaendelea kutuma pakiti kwa marehemu hadi zile sekunde 90 ziishe. Anwani za ruta zenyewe zinapaswa kutangazwa kamili, na ufuatiliaji uambiwe usikubali mbadala wa jumla.

Kifo cha nusu ni kibaya kuliko kifo kamili. A inaweza kupoteza viungo vyake vyote vya kuelekea katikati ya mtandao huku kebo ya mteja ikiwaka vizuri. C itaikwepa bila shida. Swichi ya mteja, ambayo haina habari yoyote, itaendelea kutuma sehemu ya trafiki yake kwa A, na yote itapotelea huko. Hapa A ndiyo inayopaswa kujiuzulu: inapoona haina tena kiungo cha kati kilicho hai, huzima mlango wa mteja au hutumia LACP kumwambia asiutumie. Jambo hili halijiwashi lenyewe kwenye vifaa vingi. Fundi lazima aliamrishe.

Hadi hapa zimezungumziwa fremu zenye anwani inayojulikana. Zile za kwenda kwa wote, za vikundi, na zenye anwani isiyojulikana zinafuata sheria nyingine, kwa sababu A na B zote zikizipeleka kwa mteja, mteja atapata nakala mbili. Kwa kila VLAN huteuliwa ruta moja ya kuzipeleka. Kanuni ya mwanzo ni ya hesabu ya darasani: ruta hupangwa kwa anwani zao za IP, namba ya VLAN hugawanywa kwa idadi ya ruta, na baki ndilo linaloonyesha mteule. Kwa ruta mbili inatosha. Kwa ruta tatu ikifa moja, kigawanyo hugeuka kutoka 3 kuwa 2 na mabaki yote hukokotolewa upya: theluthi moja ya VLAN, zile zilizokuwa za marehemu, zinahama, jambo la lazima, lakini theluthi nyingine moja inahama pia ingawa wateule wake walikuwa wazima. RFC 8584 ya Aprili 2019 iliongeza kanuni ambayo kila ruta hukokotolewa uzito wake kwa kila VLAN na mwenye uzito mkubwa huteuliwa. Kwa kanuni hiyo zinahama VLAN za marehemu peke yake.

Yote haya bado yanategemea habari kusafiri hadi C na C kufanya kazi yake. Kwa huduma zinazodai pengo lisizidi milisekunde 50, kipimo kilichorithiwa kutoka mitandao ya simu, safari hiyo ni ndefu. Njia ya mkato ni kuiachia A, iliyo karibu na ajali, ijisaidie: kebo ya mteja ikikatika, A haizitupi pakiti zinazoendelea kuwasili kutoka C, bali huzigeuza na kuzirusha kwa B kupitia handaki lililoandaliwa mapema. C itapata habari baadaye na kuacha kutuma. Kwa maneno wazo ni jepesi, lakini linagongana na kinga tatu za EVPN yenyewe. B ikiwa si mteule, itazitupa fremu za kwenda kwa wote. Ikiwa ni ruta ya akiba, itatupa kila kitu. Na kwenye VXLAN, B ikiona fremu ya kwenda kwa wote inayotoka kwenye anwani ya A, hudhani A imeshampelekea mteja wanayechangia, na huitupa vilevile.

Suluhisho ni kuzipa pakiti zilizogeuzwa alama yao. Kwenye MPLS alama hiyo ni lebo maalumu inayotangazwa na B kwa ajili ya kazi hiyo tu. VXLAN haina rundo la lebo, kwa hiyo hutumika anwani ya pili ya IP kwa handaki la kugeuzia. B inapopokea pakiti kwa alama hiyo, huipeleka moja kwa moja kwenye mlango wa mteja bila kuuliza nani mteule. Alama hiyo hiyo huzuia balaa jingine. Ikiwa ni swichi ya mteja iliyozimika, kebo zote mbili zimekufa, na A ikigeuzia B huku B ikigeuzia A, pakiti zingezunguka baina yao, zikikijaza kiungo kilichopo. Sheria ni kwamba kilichogeuzwa mara moja hakigeuzwi tena. Mlango wa mteja ukiwa umekufa, hutupwa hapo hapo.

Kurudi kwa A kunahitaji tahadhari zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Ruta iliyowaka upya huwasha milango ya wateja kwa sekunde chache, ilhali BGP yake inaweza kuchukua dakika kadhaa kupokea matangazo yote. Mteja akianza kuitumia katika kipindi hicho, pakiti zake hazina pa kwenda, ndiyo maana milango ya wateja huwekewa kizuizi cha muda hadi jedwali lijae. Kisha kuna uteuzi. A hutoa tangazo la aina ya 4 na kungoja sekunde 3 kabla ya kushika zamu, lakini B huenda ikaachia zamu mara tu inapolipokea, na kwa muda huo VLAN hubaki bila mteule. Au B huchelewa kulipokea na mteja akapata nakala mbili. Nyongeza iliyobuniwa baadaye huweka ndani ya tangazo saa kamili ya makabidhiano. Ruta zote mbili, zikiwa zimesawazisha saa zao kwa NTP, hubadilishana zamu kwa wakati mmoja, B ikitangulia kuachia kwa milisekunde chache ili nakala mbili zisitokee.