Simu Iliyokwapuliwa Haijapotea

Katika hatua zote ambazo polisi wa Dar es Salaam huzipitia wanapopokea taarifa ya wizi mdogo, yaani wizi wa simu, pochi au mkoba usiotumia silaha, ipo moja inayoziharibu nyingine zote, nayo ni ile ya kumpa mtu aliyekwapuliwa simu taarifa ya upotevu badala ya RB ya wizi. Uamuzi huo hufanyika kaunta kwa dakika chache, pengine kwa nia njema ya kumwahisha mlalamikaji arudishe laini yake, lakini ni kosa la kitaalamu ambalo uhaba wa askari hauwezi kulihalalisha.

RB ni namba ya taarifa iliyoandikwa katika kitabu cha kituo, yenye kifupi cha jina la kituo, namba na mwaka. Wizi ukishaandikwa humo, jalada linaweza kufunguliwa, mpelelezi akapangwa, na mtuhumiwa akafikishwa mahakamani chini ya vifungu vya 258 na 265 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo hueleza maana ya wizi na kuweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 7. Taarifa ya upotevu imekusudiwa mtu aliyedondosha kitambulisho, cheti au kadi ya benki na anayetaka kupatiwa nyingine, hivyo haina mtuhumiwa wala haidai upelelezi. Mlalamikaji hueleza kwamba kijana aliyepakiwa nyuma ya pikipiki alimkwapua simu akiwa anasubiri daladala Kariakoo, akataja rangi ya fulana na mtaa walikokatia kona, kisha karatasi ikaandikwa kwamba simu imepotea maeneo ya Kariakoo. Kwa sentensi hiyo pikipiki imefutwa, kijana amefutwa, njia waliyokimbilia imefutwa, na kilichobaki ni uzembe wa mwenye simu.

Kinachokera zaidi ni kwamba nyenzo za upelelezi zipo. Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa rejista ya namba hizo, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliitumia Juni 2016 kuzizima simu bandia. Laini nazo husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo anayeweka laini yake katika simu ya wizi huacha jina lake nyuma. Mpelelezi mwenye jalada anaweza kulifuatilia jina hilo hadi kwa mnunuzi, na kutoka kwake hadi kwa muuzaji, ambaye kifungu cha 311 kuhusu kupokea mali ya wizi kinamgusa moja kwa moja. Mwenye karatasi ya upotevu huishia kwenye duka la kampuni ya simu.

Hasara ya pili ni ya takwimu, kwa kuwa wizi usiohesabiwa hauonyeshi kituo gani cha daladala kina vibaka wala saa ngapi doria ipite. Ndipo jiji husubiri hadi magenge ya vijana wahalifu yaitwayo Panya Road yatikise mitaa, kama ilivyokuwa mwaka 2022, misako mikubwa ifanyike, na waandishi waitwe kupiga picha za simu na televisheni zilizopangwa mezani. Raia aliyekata tamaa na kaunta naye hujiunga na wananchi wenye hasira kali wanaojichukulia sheria mkononi.

Mfumo wa kuomba taarifa ya upotevu kwa mtandao umepunguza foleni, na polisi kata, yaani askari anayepangiwa kata yake, ni wazo zuri. Hata hivyo, Said Mwema, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi kati ya 2006 na 2013, aliijenga dhana ya polisi jamii juu ya msingi ambao warithi wake hawajaupa uzito uleule: kwamba raia ndiye chanzo cha kwanza cha habari za uhalifu, na habari hizo huanzia kwenye vitu vidogo.

Wakuu wa vituo hawahitaji bajeti mpya ili kulirekebisha hili, kwani amri moja ya asubuhi kwa askari wa kaunta inatosha. Kabla haijatolewa, aliyeibiwa asikubali kuandikiwa kwamba amepoteza. Adai RB ya wizi, ataje IMEI, na aondoke na jina la mpelelezi.