Kimya Kinachochekesha: "Sunday Afternoon at Home" na Redio ya Kiswahili Mpakani mwa Kasese

Makala haya yanahakiki "Sunday Afternoon at Home", kipindi cha mfululizo wa vichekesho vya redio ya BBC, Hancock's Half Hour, kilichorushwa tarehe 22 Aprili 1958. Watunzi wake ni Ray Galton na Alan Simpson. Tunadai kwamba uchekeshaji wake unatokana zaidi na matumizi ya muda kuliko ufundi wa maneno, na kwamba jambo hilo lina uzito kwa wanaopanga vipindi vya Kiswahili kwa wasikilizaji wa Ibanda, Kasese na Bwera.

Kisa ni chepesi. Ni Jumapili baada ya chakula cha mchana, mvua inanyesha, na Tony Hancock yumo nyumbani na Sid James, Bill Kerr na Hattie Jacques, bila la kufanya. Anashusha pumzi. Anauliza saa, na saa haisogei. Anakodolea macho karatasi ya ukutani hadi aone sura za watu katika michoro yake. Baadaye anakuja jirani, aliyeigizwa na Kenneth Williams, na uchovu unapata mgeni tu. Hakuna mjanja anayeumbuliwa, wala fumbo la kufumbuliwa.

Redio kwa kawaida huogopa kimya. Hapa kimya kimeachwa kidumu hadi msikilizaji achoke pamoja na wahusika, kisha acheke kwa kujitambua. Ni kweli kwamba Jumapili ya Uingereza ya wakati ule, maduka yakiwa yamefungwa, ni ngeni kwa msikilizaji wetu. Lakini kukwama nyumbani kwa mvua hakuhitaji mkalimani: chini ya paa la bati huko Ibanda, kwenye vilima vya Rwenzori, mvua inayolalamikiwa redioni ingechanganyika na ile inayopiga bati.

Vichekesho vingi vya Kiswahili redioni, tangu enzi za Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, vimeegemea majibizano, na mara nyingi methali na lafudhi. Utamu wake humfikia kwanza aliyelelewa katika lugha. Mzungumzaji wa Lhukonzo, anayekitumia Kiswahili kupatana bei na Wakongo sokoni Mpondwe, huachwa nyuma na kasi hiyo. Na lafudhi ya bara inapochekwa, anayechekwa ni yeye.

Suala hili ni la kisera pia. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima shuleni. Hata hivyo, kwa raia wengi bado kinabeba kumbukumbu ya askari na amri. Sheria haiifuti kumbukumbu hiyo. Lugha ikisikika ikipiga miayo, ikinung'unikia mchuzi na kuuliza saa, huanza kuwa ya nyumbani.

Tunapendekeza basi kwamba redio za mpakani ziagize michezo mifupi ya sebuleni: sentensi fupi, maneno ya kila siku yanayorudiwa, sauti za vyombo na mvua, na kimya cha makusudi. Mafanikio yake yapimwe kwa swali moja: je, msikilizaji wa Bwera alicheka kabla ya kutafsiri?