Njia ya Mpagazi

Katika nyumba nyingi za Chitete na vijiji vingine vya Unyamwanga, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, habari za vita vya Mjerumani na Mwingereza huishia kwenye sentensi moja: babu alichukuliwa, akabebeshwa mizigo, akarudi, au hakurudi. Ufundi ninaousifu hapa huanza pale sentensi hiyo inapoishia. Ni ufundi wa kumtafuta mtu mmoja ndani ya vita vikubwa, kwa subira, kwa masikio na kwa macho ya kusoma.

Vita hivyo vilipita karibu sana. Mpaka uliokubaliwa Ulaya mwaka 1890 ulikuwa umeugawa ukoo mmoja, wengine kwa Mjerumani, wengine ng'ambo kwa Mwingereza. Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Edward Northey yaliuvuka kwa safu nne, kuanzia upande wa Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Safu moja ilitoka Fife, jirani na Tunduma, ikaizingira ngome ya Wajerumani ya Luwiwa. Novemba 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, naye akapita, akaishambulia Fife, akashuka hadi Kasama, na tarehe 25 akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o na barabara za magari zilikuwa chache, basi unga na risasi vilisafiri vichwani mwa watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa.

Mfuatiliaji mzuri haanzi na makaratasi. Huanza na wazee, na anajua namna ya kuuliza. Bibi hatataja mwaka 1916, lakini atakumbuka kuambiwa kwamba mama yake alizaliwa baada ya yale mafua makubwa, na mafua hayo yana tarehe: mwisho wa 1918 na miezi iliyofuata. Je, babu alichukuliwa kabla ya mafua? Alishika njia ya Tukuyu au ya Abercorn? Alirudi na nani? Majibu haya hupepetwa kama ulezi, makapi yakaenda na upepo, punje zikabaki.

Kisha huja majina. Huku mwanamume ni Si-, mwanamke ni Na-: kaka ni Sichone, dada ni Nachone. Jina hilo hutaja ukoo, lakini wenye kulibeba ni wengi mno, kwa hiyo halitoshi mpaka liambatane na kijiji, mwene (yaani chifu) na mama mzazi. Zaidi ya hapo, karani mgeni aliandika alivyosikia, na jina moja linaweza kuwa na sura tatu katika daftari moja. Baada ya vita mtu huyohuyo huenda alibatizwa akawa Yohana. Ndiyo maana mfuatiliaji huvipa uzito vitabu vya ubatizo na ndoa vya Wamoravian, waliofungua misheni Mbozi mwaka 1899, na vya Waskoti wa Mwenzo, ng'ambo ya mpaka. Mjane akiandikwa kuwa ameolewa upya, mstari huo mmoja waweza kueleza kile ambacho daftari la jeshi lilikinyamazia.

Maana daftari la jeshi hunyamaza mara nyingi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Ujerumani iliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945. Kwa upande wa Uingereza, askari alikuwa na jina na namba. Mpagazi mara nyingi alikuwa hesabu tu. Hapo ndipo fundi anapoonekana. Jina lisipopatikana, yeye hutafuta safari. Shajara za vita zilizohifadhiwa Kew, London, hueleza siku kwa siku kikosi kililala wapi na kilivuka mto gani. Ikiwa simulizi la ukoo linamweka babu kwenye njia ya Luwiwa, shajara ya safu ile inatupa siku zake, hata kama haimtaji.

Lakini fundi wa kweli haandiki "alikuwapo" pale ushahidi unaposema "huenda alikuwapo". Wajukuu hupenda babu awe askari mwenye bunduki. Fundi huwarudishia mpagazi, na kuwaonyesha kwamba aliyebeba unga uliowalisha wenye bunduki hahitaji kuazimwa heshima ya mtu mwingine.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Makosa hayo hayatasahihishwa na wataalamu wa mbali peke yao. Wao wanazo shajara, lakini hawajui kwamba Sichone na Nachone ni ndugu, wala nani aliolewa na nani baada ya mafua. Ujuzi huo uko Chitete, kwa wazee walio hai leo. Kijana anayekaa nao na daftari, akaandika kila jina pamoja na kijiji chake, anafanya sehemu ya kazi ambayo London haiwezi kuifanya bila yeye.