Pima Kwanza, Jaza Baadaye: Maji ya Bwawa Jipya Liwatoni

Bwawa la kuogelea la nyumbani lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25 linameza lita 40,000, yaani mitungi 2,000 ya lita 20. Katika mji wa mgao wa maji kama Mombasa, kuyamwaga maji hayo baada ya kugundua kuwa hayafai ni hasara kwa mwenye nyumba na ni dhuluma kwa jirani anayenunua maji kwa mtungi. Kwa hivyo upimaji hutangulia kujaza, na pale Liwatoni, katika kisiwa cha Mombasa, kazi hiyo yataka uangalifu zaidi.

Sababu ni kwamba maji ya mfereji yana asili nyingi. Mombasa hunywa kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, zinazolishwa na mvua iliyopenya miamba ya volkano ya Chyulu. Kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Kutoka chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba. Na kutoka visima vya Tiwi. Mfereji ukikauka, watu huita boza au huwasha pampu ya kisima cha uani, na kisima cha kisiwani kimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu. Basi kila maji yatakayoingia bwawani hupimwa peke yake: ya mfereji unapoingia kiwanjani, ya tangi la juu, ya boza na ya kisima.

Kuchukua sampuli kuna adabu yake. Mfereji huachwa utiririke dakika kadhaa ili maji yaliyolala bombani yatoke. Chupa husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, hujazwa hadi shingoni na kufungwa. Klorini na pH hupimwa papo hapo, kwa sababu klorini hupotea juani na pH hubadilika. Kidonge cha kupimia klorini, DPD namba 1, kikiyeyushwa ndani ya kichupa cha sampuli, maji hugeuka waridi kadiri ya klorini huru iliyomo. Namba 3 ikiongezwa, huonyesha klorini yote, pamoja na ile iliyokwisha kufungwa na uchafu. Kisha pH hupimwa tena baada ya maji kukorogwa vizuri ndani ya ndoo. Maji ya ardhini hubeba hewa ya kaboni. Ikishatoka, pH hupanda, na kiwango hicho cha pili ndicho kitakachoonekana bwawani.

Chuma nacho hupimwa kwa ndoo nyeupe. Tia maji, ongeza klorini, yaache yalale hadi asubuhi. Yakigeuka rangi ya chai, kuna chuma. Yakiwa meusimeusi, shuku manganizi. Iwapo maji ya kiwanjani ni safi na ya ndani ya nyumba yamegeuka, kosa liko kwenye mabomba ya chuma yaliyozeeka, na dawa yake ni kujazia kutoka kiwanjani.

Baada ya hapo huja hesabu ya utulivu wa maji. Mmarekani W. F. Langelier aliitoa mwaka 1936: pH, joto, ugumu wa kalisiamu na ualkali hujumlishwa kwa viwango maalumu, kisha hutolewa takriban 12.1. Jibu likikaribia sifuri, maji yametulia. Likiwa hasi, yana njaa na yatakula plasta na saruji iliyo kati ya vigae. Likiwa chanya, yatabwaga chokaa kwenye vigae na kichujio. Tuchukue mfano wa nyuzi joto 29: maji yenye pH 7.5, kalisiamu miligramu 250 kwa lita na ualkali 100 hutoa takriban 0.1, jibu zuri. Maji ya chokaa yenye pH 7.6, kalisiamu 500 na ualkali 300 hufika karibu 1, na hayo yatafanya ukoko. Bwawa jipya huzidisha tatizo, maana saruji changa hutoa chokaa na kupandisha pH kwa wiki za mwanzo.

Kisima kinahitaji vipimo viwili zaidi. Cha kwanza ni chumvi, kwa kuwa bahari iko jirani na chumvi hula vyuma vya pampu. Cha pili ni amonia, dalili ya maji ya choo kupenya kwenye nyufa za matumbawe. Amonia ya miligramu 1 kwa lita, kwa kipimo cha nitrojeni, katika lita 40,000 ni gramu 40, nayo huhitaji klorini mara kumi hivi, gramu 400, kabla klorini huru haijaanza kubaki. Fundi asiyejua hilo atamwaga dawa kila siku na macho ya watoto yataendelea kuwasha. Amonia ikionekana, sampuli ya vijidudu iende maabara katika chupa tasa, ndani ya kisanduku cha barafu.

Matokeo yote yakishaandikwa katika jedwali moja, uamuzi ni mwepesi. Jaza kwa maji ambayo jibu la hesabu yake liko karibu zaidi na sifuri, hata kama mgao utakuchelewesha wiki mbili. Maji ya kisima yenye chokaa pekee yanaweza kuchanganywa nayo kwa kiasi kilichohesabiwa, lakini ya kisima chenye amonia yasiingie hata ndoo moja.