Umenawiri

Charlotte Perkins Gilman alichapisha hadithi fupi The Yellow Wallpaper mwaka 1892 nchini Marekani. Wengi huisoma kama hadithi ya kutisha, au ya ndoa. Mimi naisoma kama hadithi ya mzazi, kwa maana ile ya Pwani: mwanamke aliyejifungua majuzi. Mtoto anatajwa kwa mistari michache tu, na ni rahisi kumsahau. Ukimsahau, hadithi imekupita.

Msimulizi hana jina. Mumewe, John, ni daktari. Amepanga nyumba shambani kwa ajili ya kiangazi, amemweka mkewe chumba cha juu chenye nondo madirishani, anampa dawa za kuongeza nguvu. Yupo yaya wa kulea mtoto, yupo wifi wa kuendesha nyumba. Kazi ya mama ni kupumzika, na amekatazwa kuandika. Gilman hakuyabuni yote haya. Alijifungua binti mwaka 1885, akaugua, na mwaka 1887 akapelekwa kwa daktari Silas Weir Mitchell, bingwa wa tiba ya mapumziko: kulala, kulishwa, kukaa mbali na kalamu. Baadaye alieleza kwamba tiba hiyo nusura imtoe akili.

Kipande kinachoniuma zaidi si kile cha mwisho anapotambaa sakafuni. Ni usiku mmoja anapojipa moyo na kumwambia mumewe kwamba hapati nafuu, anataka waondoke. John anamjibu kuwa ameongeza mwili, rangi imemrudia, hamu ya chakula imepanda. Mke anajaribu kusema kwamba labda mwili, ndiyo. John anamkazia macho, naye ananyamaza.

Jibu hilo nalijua kwa Kiswahili. Ni neno moja: umenawiri! Arobaini yangu niliimaliza kwa mama, nikikandwa kwa maji ya moto, nikifungwa tumbo, nikiletewa uji wa pilipili manga. Siidharau hata kidogo. Mikono ya wanawake wale ndiyo iliyonisimamisha. Lakini kila mgeni aliuliza kama mtoto ananyonya, kama kidonda kimekauka. Nikilia, niliambiwa nyamaza, maziwa yatakatika. Wageni walikuja kila siku, na kila siku waliniacha na lile lile moyoni. Ndiyo maana nasita ninaposikia tukijisifu kwamba hatuhitaji unasihi kwa kuwa tunayo arobaini. John naye alimpenda mkewe.

Dosari ya hadithi naiona kwa wifi, Jennie. Yumo nyumbani mchana kutwa, ni mwanamke mwenzake, lakini Gilman anamwachia kazi ya ulinzi tu. Hatuonyeshwi ingekuwaje kama wifi huyo angekaa kando ya kitanda na kuuliza swali moja la kweli.

Swali hilo limejibiwa nje ya fasihi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini nchini Pakistan, wanawake wasio madaktari, namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona na kuendelea nao baada ya kujifungua. Kundi jingine la kina mama lilitembelewa mara zile zile, na wahudumu wasiopewa mafunzo hayo. Watoto walipofika miezi sita, asilimia 23 ya kina mama wa kundi la kwanza walikuwa bado na sonona. Katika kundi la pili, asilimia 53. Hodi zilikuwa sawa kwa idadi. Tofauti ilikuwa kilichozungumzwa baada ya karibu.

Kwa hiyo hadithi hii ya 1892 namwekea mkononi yeyote anayejiandaa kwenda kumwona mzazi. Peleka khanga, peleka sabuni, mbebe mtoto. Kisha muulize mama habari zake yeye, na akikwambia hali si nzuri, usimjibu kwamba amenawiri.