Madini joto yanapoisaka saratani

Kwa mtu wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, madini joto ni habari ya chumvi na rovu. Huko milimani mvua huyaosha udongoni, tezi ya shingo ikiyakosa huvimba, na ndiyo sababu chumvi ya kula inatakiwa kuongezewa madini hayo. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, daktari wa upasuaji Edward Martin na mhandisi wa umeme Marlin Thurston waliyapa kazi nyingine miaka ya 1980: kuonyesha saratani ya utumbo mpana ilikojificha, mgonjwa akiwa bado mezani, tumbo wazi.

Katika upasuaji wa kawaida, daktari hukata uvimbe anaouona, hupapasa ini, huminya tezi za limfu moja moja. Punje ya saratani ndogo kuliko ulezi humponyoka kidoleni. Mgonjwa anashonwa, anaruhusiwa, kisha ugonjwa unarudi.

Walichotumia Martin na Thurston ni kingamwili za maabara, kama B72.3 na baadaye CC49, zinazonasa alama iitwayo TAG-72, ambayo seli nyingi za saratani hiyo huwa nayo. Kingamwili hubebeshwa iodini-125, yaani madini joto yenye mionzi. Kabla ya sindano mgonjwa hunywa matone ya madini joto ya kawaida, tezi ya shingo ishibe, isije ikajichotea yale ya mionzi.

Halafu wanasubiri wiki 3 hivi. Hapo ndipo penye ufundi wote. Siku za mwanzo kingamwili imejaa kwenye damu, na kila kiungo kingeonekana kuwa na mionzi. Wiki zikipita, damu inajisafisha huku saratani ikiendelea kuing'ang'ania. Iodini-125 hupungua nusu kwa siku 60 hivi, kwa hiyo siku ya upasuaji zaidi ya robo tatu ya nguvu yake bado ipo.

Daktari anashika kifaa cha kupima mionzi kwa mlio, chembamba cha kutosha kuingia tumboni. Anakigusisha kwanza kwenye nyama nzima, anasikiliza, kisha anakisogeza polepole. Mionzi ya iodini-125 ni dhaifu, lakini udhaifu huo unasaidia: ya viungo vya mbali haifiki kuvuruga kipimo. Juu ya tezi ndogo karibu na ini, ambayo kidole kilikwisha kuipita, mlio unapanda ghafla.

Je, ikatwe? Baadhi ya tezi zilizolia zilipowekwa chini ya hadubini hazikuonyesha seli hata moja ya saratani. Mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani haikuipitisha njia hiyo. Uamuzi ulikuwa mchungu, lakini swali lilikuwa la haki: kuipata tezi inayolia ni kitu kimoja, kuthibitisha kwamba kuiondoa kunamrefushia mgonjwa maisha ni kingine kabisa.

Vifaa vya aina hiyo vilipata kazi ya kudumu kwenye saratani ya matiti, vikitafuta tezi ya kwanza inayopokea maji ya limfu kutoka kwenye uvimbe. Huko hutumika teknesiamu-99m, nayo yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila saa 6. Ikifungashwa Dar es Salaam alfajiri, alfajiri ya pili inabaki sehemu 1 tu ya 16. Basi dawa haiwezi kumfuata mgonjwa Kasulu. Mgonjwa ndiye anayepanda basi kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.