Mikono Nyuma, Mwalimu

Alfajiri, barabara za kuingia EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje huko Athi River, Machakos, hujaa watu wanaotembea haraka haraka, wengi wao akina mama wa cherehani. Eneo hili ni tunda la sheria ya mwaka 1990, na tangu Marekani ilipofungua soko lake kupitia mpango wa AGOA mwaka 2000, nguo zinazoshonwa hapa huvaliwa na watu wasiojua Machakos iko wapi. Cherehani nyingi za viwandani siku hizi zina kisanduku cha umeme: fundi akikanyaga pedali kwa kisigino, sindano hupanda na uzi hujikata. Kuna mtu aliyeketi akaandika amri za kisanduku hicho. Mtoto wa fundi huyo ana haki ya kujua kwamba amri za mashine huandikwa, na kwamba hata yeye anaweza kuziandika.

Kwa sababu hiyo namheshimu sana mwalimu anayewafundisha watoto roboti na programu. Chombo chake ni kidogo. Arduino, ubao wa kielektroniki ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ulitengenezewa wanafunzi wasio wahandisi. Kumbukumbu ya programu katika matoleo ya awali ya Arduino Uno ni kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu haienei humo. Lakini taa huwaka, mota huzunguka, na mtoto huona sentensi aliyoiandika ikisogeza kitu mezani.

Somo la kwanza ni kuwasha taa ya LED. Mguu mrefu upande wa chanya. Rezista yenye mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Waya kutoka pini ya 13. Mtoto anaandika programu, anasahau nukta mkato, kompyuta inagoma. Anairekebisha, anaituma, na taa haiwaki.

“Mwalimu, imekataa!”

Hapa ndipo ufundi wa kufundisha hupimwa. Mwalimu mwenye pupa huinama, huchomoa waya, huchomeka panapofaa, taa ikawaka na darasa likapiga makofi. Mtoto hajapata kitu. Mwalimu hodari huweka mikono nyuma na kusema, “Nionyeshe umeme unakopita.” Kidole kinaanza safari: kwenye pini, kwenye waya, kwenye rezista, kisha kinasita. Waya umeingia safu ya jirani. Matundu matano ya kila safu ya bredibodi, ubao wa kuchomekea waya, yameunganishwa kwa chuma kisichoonekana, na tundu moja pembeni ni nchi nyingine kabisa. Mtoto anahamisha waya mwenyewe. Furaha anayoipata wakati huo haipokonyeki.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria mwaka 1928, alikuwa miongoni mwa walioiunda Logo mwaka 1967, lugha ambayo watoto waliitumia kumwendesha kobe wa mashine. Aliamini kwamba programu yenye kosa si ya kuonewa haya. Ni ya kuchunguzwa hadi itengemae. Kwa mtoto aliyezoea alama nyekundu daftarini, huo ni ukombozi.

Mwaka 2022 KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala ya Kenya, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua njema, ila idhini haigawi vifaa. Watoto watano wakizunguka ubao mmoja, mjasiri hung'ang'ania kibodi na mpole huachiwa kushika waya mwaka mzima. Mwalimu makini huwabadilishia zamu kila mara, bila kungoja kuombwa.

Baada ya taa, watoto hudai mota, na wakiiunganisha moja kwa moja kwenye pini haizunguki. Pini hiyo inafaa kutoa takriban miliampia 20. Mota inahitaji nyingi zaidi. Basi huletwa transista, inayopokea amri ndogo na kuufungulia umeme mkubwa njia. Mtoto akiielewa, mwalimu ajiandae kwa maswali ya cherehani: mota yake inajuaje sindano iko juu au chini, na nani huiambia isimame?